Neno "Alkoholi" na Maana Yake

Wasikilizaji wetu wa Bukoba na Muleba, leo twapenda kulieleza neno moja la elimu ya kemia. Huandikwa juu ya chupa za madukani na za zahanati, na watu wengi hulisoma kwa maana moja tu, yaani pombe. Neno hilo ni alkoholi. Yafaa kila mtu alifahamu vema, wala si wanafunzi peke yao, kwa maana kutolifahamu kwaweza kumpokonya mtu macho yake, au uhai wake.

Asili yake ni neno la Kiarabu al-kuhl, yaani wanja, ule unga laini upakwao machoni. Watu wa Ulaya walilichukua wakauita hivyo kila unga uliosagwa sana, kisha kila kiini kilichotolewa katika kitu kingine. Na kwa kuwa kiini cha mvinyo hupatikana kwa kuuchemsha na kuupoza mvuke wake, mwisho neno likabaki kwa kiini hicho. Wataalamu wa kemia nao wakalipanua tena: kwao alkoholi ni jina la ukoo mzima.

Sisi wa Kagera twajua ukoo ni nini. Watu wa oluganda mmoja hutambulikana kwa mwiko wao, lakini tabia zao hazilingani. Ndivyo zilivyo alkoholi. Alama ya ukoo wao ni atomu ya oksijeni na atomu ya haidrojeni zilizoungana, zikashikamana na kaboni. Gliserini, ambayo watu hujipaka ngozi ikawa laini, ni mmoja wa ukoo huo, wala hapana anayeidhania kuwa pombe.

Wawili katika ukoo huo hufanana kama pacha. Wa kwanza ni ethanoli, yenye atomu 2 za kaboni. Hiyo ndiyo iliyomo katika rubisi. Ndizi mbivu zikisha kukanyagwa, na maji yake kutiwa unga wa mtama uliokaangwa, chachu huila sukari na kuigeuza kuwa ethanoli na hewa ya kabonidayoksaidi, ndipo tuonapo povu. Wa pili ni methanoli, yenye atomu 1 ya kaboni. Jina lake lilitungwa kutokana na maneno mawili ya Kiyunani, mvinyo na mti, kwa kuwa zamani ilipatikana kwa kuunguza mbao katika chombo kilichofungwa. Siku hizi hutengenezwa viwandani, nayo hutumika katika rangi, gundi na vitu vingine vingi. Spiriti ya kuwashia moto mara nyingi ni ethanoli iliyotiwa methanoli kwa makusudi, ili watu wasiinywe.

Methanoli haina rangi, na harufu yake ni karibu sawa na ya nduguye. Ikinywewa, ini huigeuza kuwa asidi ya fomiki, iliyopewa jina kwa neno la Kilatini la sisimizi, kwa kuwa katika wadudu hao ndimo ilimoonekana kwanza. Asidi hiyo huharibu mshipa wa fahamu wa jicho, na vijiko vichache vya methanoli vyaweza kupofusha. Tena mnywaji haoni taabu papo hapo: pengine hupita saa 12 hata 24, ndipo aumwapo kichwa na tumbo, apumue kwa haraka, na macho yaone ukungu.

Mwaka 2000 watu zaidi ya 130 walikufa huko Nairobi kwa pombe yenye methanoli. Na mwaka 2010 wapatao 80 walikufa Kabale, katika Uganda, jirani zetu wa kaskazini. Sumu ya namna hiyo aghalabu hutiwa na wauzaji, ili kinywaji kizidi ukali kwa gharama ndogo. Kwa hiyo anunuaye enkonyagi kwa mtu asiyemjua hana njia ya kupambanua. Kuonja hakumsaidii, wala kuwasha kiberiti na kuitazama rangi ya moto. Na kumwaga matone ya kwanza hakuiondoi sumu yote.

Basi, mtu akikuambia, "Hii nayo ni alkoholi," usiridhike. Amekutajia ukoo, hajakutajia jina. Uliza ni ipi, na usome karatasi ya chupa hadi mwisho. Na ndugu aliyekunywa akilalamika juu ya macho yake, msimlaze mkidhani ni ulevi utakaokwisha asubuhi. Mpelekeni hospitali saa ile ile, kwa kuwa ziko dawa za kuizuia methanoli isigeuke asidi, nazo humfaa zaidi yule aliyewahi.