Anayekutisha Ndiye Anayekubembeleza: Akili Inavyonaswa na Kiongozi wa Kiroho

Tangu Aprili 2023, polisi walipoanza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, Kenya, wasomaji wamekuwa wakiniuliza swali moja kwa maneno tofauti: wale watu walilishwa nini? Miili iliyofukuliwa ilipita 400. Upasuaji ulioongozwa na mwanapatholojia mkuu wa serikali, Dkt. Johansen Oduor, ulionyesha kuwa wengi walikufa kwa njaa, na baadhi, watoto wakiwamo, walinyongwa au kuzibwa pumzi. Mhubiri wao, Paul Mackenzie, aliyewahi kuwa dereva wa teksi Malindi, alishtakiwa pamoja na wenzake, nao wakakana mashtaka. Mwaka 2025 makaburi mengine yakagunduliwa Kwa Binzaro, si mbali na hapo, na maswali yakaanza upya. Ni dawa gani ile? Ni uchawi gani?

Hakuna dawa iliyohitajika. Ukitaka kumfikisha mtu mwenye akili timamu mahali pa kumnyima mwanawe maji, huna haja ya kumlisha kitu. Unamnyima. Unamnyima usingizi, chakula, ndugu, na mwisho unamnyima mtu yeyote wa kumwambia, "Mimi naona tofauti." Mengine ubongo wake utayamaliza wenyewe.

Lakini kwanza niiondoe njiani kauli inayoniudhi kuliko zote, ile ya "hao hawakusoma." Tarehe 20 Machi 1995, wafuasi wa kiongozi wa kidini Shoko Asahara waliachia gesi ya sarin ndani ya treni za chini ya ardhi mjini Tokyo. Mmoja wa waliotoboa mifuko ya sumu alikuwa Ikuo Hayashi, daktari wa upasuaji wa moyo. Miongoni mwa wenzake walikuwemo wahitimu wa fizikia kutoka vyuo vikuu vinavyoheshimika Japani. Asahara alianza na darasa la yoga. Karibu zaidi na kwetu, huko Kanungu, Uganda, mamia ya wafuasi wa kundi la kidini waliteketea ndani ya kanisa lililopigiliwa misumari tarehe 17 Machi 2000, na miongoni mwa viongozi wa kundi lile alikuwamo padri aliyesomea shahada ya uzamili Marekani. Shahada haikingi. Kinachomweka mtu hatarini mara nyingi ni wakati aliomo: msiba, talaka, mtoto mgonjwa asiyepata nafuu, kuhamia mji usio na jamaa, kufukuzwa kazi. Ni nani kati yetu hajapita hapo?

Mlango wa kuingilia una upendo. Unapokewa kwa jina lako, unapigiwa simu asubuhi, mtu anakumbuka kuwa mama yako anaumwa. Upendo huo mara nyingi ni wa kweli, maana wanaokupokea nao wameamini. Kisha kiongozi anasema jambo moja: "Nimeona jeneza mlangoni kwenu." Na kabla hujapata pumzi anaongeza: "Lakini Bwana amenionyesha njia." Funga siku tatu, kesha, panda mbegu ya sadaka, nunua mafuta ya upako.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote, na naomba msomaji anivumilie, maana sijaona utaratibu wa ubongo unaostahili kueleweka kuliko huu.

Kiumbe akiogopa, amigdala, sehemu ya ubongo inayotambua hatari, inapiga kengele, homoni za adrenalini na kotisoli zinapanda, moyo unaenda mbio, na sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kupima hoja, inapunguziwa nafasi. Simba akiwa mlangoni si saa ya kupima hoja. Mwili unataka kitu kimoja: kukimbilia penye usalama. Kwa binadamu usalama si shimo wala mti, ni mtu. Mtoto mdogo akishtuka humkimbilia mama, akikumbatiwa hofu inashuka, na ubongo unaandika: huyu ndiye kimbilio.

Sasa itakuwaje kama anayemtisha mtoto ndiye huyo huyo wa kukimbiliwa? Miaka ya 1980 watafiti Mary Main na Judith Solomon walichunguza kanda za watoto wadogo waliotenganishwa na wazazi wao kwa dakika chache kisha wakarudishiwa. Wengi walimkimbilia mzazi au walimnunia. Wachache walifanya jambo la ajabu: walianza kumwendea, wakasimama katikati, wakaganda, au wakatembea huku uso wameugeuzia kando. Katika nyumba nyingi za watoto wa namna hii, mzazi alikuwa chanzo cha hofu na pia dawa yake. Miguu ilitaka kwenda pande mbili kwa wakati mmoja, na akili ikasimama.

Mwanasaikolojia wa jamii Alexandra Stein, ambaye mwenyewe aliishi miaka kadhaa ndani ya kikundi cha siasa chenye tabia hizo huko Marekani, ameonyesha kwamba jambo hilo hilo linaweza kutengenezwa kwa mtu mzima. Kiongozi anazalisha hofu (mapepo, laana ya ukoo, mwisho wa dunia), kisha anakuwa mtu pekee anayeituliza. Kila hofu inakusogeza kwake, na kila ukimsogelea anakutisha tena. Mtu wa nje anaona muumini anampenda sana baba yake wa kiroho, na ni kweli anampenda. Ila mapenzi hayo yamejengwa juu ya mshtuko, na kadiri anavyoumizwa ndivyo anavyozidi kumng'ang'ania.

Halafu faraja haitolewi kila siku. Leo nabii anakusifu mbele ya umati, kesho anakupita kama hakujui, wiki ijayo anakukemea kwa "roho ya uasi," kisha ghafla anakushika mkono. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alionyesha kwa njiwa katikati ya karne iliyopita kwamba anayepata punje kila akidonoa kitufe huacha upesi punje zikikatika, lakini anayepata mara moja moja, bila mpangilio, huendelea kudonoa kwa muda mrefu sana. Mashine za kamari zinaishi kwa kanuni hiyo. Na hii ndiyo sababu muumini aliyenyanyaswa mwaka mzima atakusimulia kwa machozi ya furaha ile siku moja aliyowekewa mkono kichwani.

Ili mtu abaki, ni lazima jirani asiwepo. Mwanasaikolojia Solomon Asch, mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliwaonyesha watu mistari na kuwauliza upi unalingana na upi. Jibu lilikuwa wazi kabisa, lakini wengine wote chumbani walikuwa wamepangwa kukosea kwa makusudi. Karibu robo tatu ya waliojaribiwa walifuata kosa angalau mara moja. Akiwekwa mtu mmoja tu anayesema kweli, kufuata mkumbo kulishuka sana. Mmoja tu! Sasa utaelewa kwa nini Mackenzie alihubiri dhidi ya shule na hospitali, na kwa nini watu waliuza mali zao na kuhamia msituni, kwenye viwanja vilivyopewa majina ya Biblia kama Bethlehemu na Nazareti. Mwalimu, muuguzi, shangazi, rafiki wa shuleni: kila mmoja wao angeweza kuwa yule mtu mmoja.

Kuhusu kukesha na kufunga nitasema kwa uangalifu, kwa sababu dini zetu zote zina kufunga, nami siongelei Ramadhani wala Kwaresima. Mfungo wenye mpaka, unaomsamehe mgonjwa, mjamzito na mtoto, ni jambo jingine kabisa. Naongelea mfungo usio na mwisho anaouamuru mtu anayekula. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 wenye afya, waliojitolea, kwa wiki 24. Hawakunyimwa kabisa, walipewa takriban nusu ya walichozoea. Wakawa wazito wa fikra, wenye huzuni, wagomvi, wasiojali mambo waliyoyapenda, na usiku waliota chakula. Mmoja alijikata vidole kwa shoka na baadaye hakuweza kusema kama alikusudia. Hao walikuwa huru kuondoka, na hakuna aliyewaambia kwamba kula ni dhambi. Na usingizi? Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, watu 88 waliombwa kusaini kwamba wamebonyeza kitufe walichokatazwa, jambo ambalo hawakulifanya. Kwa ombi la kwanza, waliolala usiku walisaini 18 kati ya kila 100. Waliokesha, nusu yao walisaini. Usiku mmoja tu wa kukesha unaweza kumfanya mtu akiri kosa asilolitenda. Mikesha ya mfululizo itamfanya akiri nini?

Dalili zenyewe si siri. Uliza hesabu za sadaka uone unajibiwaje. Kosa ibada wiki tatu, uone kama wanakuulizia afya au wanakutabiria ajali. Angalia kama kiongozi anachagua nani aolewe na nani, kama ndugu zako wote wamegeuka "mawakala wa shetani" kwa msimu mmoja, kama watoto wanalala na kula, kama unafundishwa kuficha yanayosemwa ndani. Na akikuambia uache dawa, ondoka siku hiyo hiyo. Mwenye VVU aliyeacha ARV hujisikia mzima kwa muda, akashuhudia madhabahuni kuwa amepona, huku virusi vikirudi damuni, kwa kawaida ndani ya wiki chache. Mgonjwa wa kisukari anayetegemea insulini hana hata wiki hizo. Mchungaji, sheikh au mganga anayeagiza hivyo anaua watu, nami sitatafuta neno la kistaarabu zaidi.

Kuna kundi la pili la matapeli wanaonichosha: wale wanaowangoja waliotoka. "Ulifungwa kwa agano, leta kiasi hiki nilivunje." Ni hofu ile ile na mkono ule ule wa kubembeleza, amebadilika mwenye mkono tu. Wala msimteke ndugu yenu kumfungia chumbani "mpaka akili irudi." Marekani walijaribu hivyo miaka ya 1970, chini ya watu kama Ted Patrick. Wengine walitoka, wengine walirudi kundini wakiwa na chuki zaidi kwa familia, na watekaji wakafikishwa mahakamani.

Kupona kunaanza na mwili. Aliyekaa na njaa siku nyingi asipewe sahani ya ugali kwa furaha ya kumwona. Mwili wake umezoea kuunguza mafuta. Wanga ukiingia kwa wingi, insulini inapanda na seli zinavuta fosfeti, potasiamu na magnesi kutoka kwenye damu, kiasi kwamba moyo unaweza kusimama. Madaktari waliliona hili kwa wafungwa wa vita waliookolewa mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili, waliostahimili njaa kisha wakafa walipolishwa. Mpelekeni hospitali, aanzishiwe vitamini B1 na chakula kidogo kidogo, damu yake ikipimwa.

Akili inachukua muda zaidi, na hapa wengi hukata tamaa kwa kutoelewa jambo moja: imani inaweza kuondoka na hofu ikabaki. Dada anakuambia, "Najua yule alikuwa mwongo, lakini nikisikia ule wimbo wao natetemeka." Hajarudi nyuma. Majaribio ya Pavlov na ya watafiti waliomfuata yanaonyesha kwamba hofu iliyofundishwa kwa kawaida haifutiki kabisa. Ubongo huandika somo jipya, "hapa pako salama," juu ya lile la zamani, na la zamani huchungulia tena kukiwa na uchovu, ugonjwa, au harufu ya mafuta yale. Kila mara anapousikia wimbo na hakuna baya linalotokea, somo jipya linakolea. Ni miezi, na kwa wengi ni miaka. Kuna aibu pia, hasira, fedha zilizopotea, ndoa iliyopangwa na mtu mwingine, na ugumu wa kuamua hata vazi la kuvaa, kwa sababu kuamua kulikuwa dhambi.

Familia, acheni kumcheka, na neno "tulikuambia" mlimeze. Mwacheni achague vitu vidogo: ale nini, alale saa ngapi, aende wapi. Msimkimbize kanisa jingine wala msimkataze kusali akitaka mwenyewe. Akiota ndoto mbaya, hapati usingizi, au amekuwa mzito wa kusema na kula kwa zaidi ya wiki mbili, mpelekeni kwa mnasihi au daktari wa magonjwa ya akili, kwa sababu sonona na kiwewe vina tiba. Akizungumzia kufa, asiachwe peke yake, na apelekwe siku hiyo hiyo. Kenya, laini ya ushauri ya Msalaba Mwekundu ni 1199, haina malipo. Watoto waliozaliwa ndani ya makundi haya wanahitaji zaidi, maana hawana maisha ya zamani ya kurudia. Kwa mtoto aliye hatarini, Kenya na Tanzania piga 116.

Na serikali nazo zijifunze. Juni 2023 manusura 65 wa Shakahola waliokataa kula baada ya kuokolewa walifikishwa mahakamani Shanzu kwa kosa la kujaribu kujiua. Watu waliofundishwa kwamba dunia ya nje itawatesa walipokewa na hati ya mashtaka. Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilicholifanya jaribio la kujiua kuwa jinai, kinakwenda kinyume cha Katiba. Tanzania kifungu cha namna hiyo bado kimo katika sheria.