Kioo cha Sanduku la Samaki

Mwaka 1853 nyumba ya samaki ilifunguliwa katika bustani ya wanyama ya London, na watu wakamiminika kutazama samaki walio hai nyuma ya vioo. Siku hizi wako wafugao samaki nyumbani mwao. Lakini atakaye kutengeneza sanduku la namna hiyo, sharti ajue kwanza tabia ya kioo.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Sanduku lenye urefu wa sentimeta 60, upana 30 na kimo 30 huchukua lita 54. Maji hayo peke yake yaushinda uzito wa mfuko wa saruji. Tena kadiri maji yanavyozidi kina, ndivyo yanavyozidi kusukuma. Kwa hiyo kimo kikiongezwa, unene wa kioo nao uongezwe.

Kioo cha dirisha hukatika kwa urahisi, walakini kikivunjika hutoa vipande vikali kama visu. Kiko kingine kilichotiwa motoni, kisha kikapozwa ghafula kwa upepo. Hicho kina nguvu nyingi zaidi, na kikivunjika huwa chembechembe. Ajabu yake ni hii: fundi akijaribu kukikata au kukitoboa, chote husambaratika mara moja. Basi matundu ya mipira hutobolewa kabla hakijatiwa motoni.

Ukitazama ukingo wa kioo cha kawaida utaona rangi ya kijani, iletwayo na chuma kidogo kilichomo. Kiko kisicho na chuma nyingi, cheupe kama maji, ila ni ghali. Wenye busara hukiweka upande wa mbele tu.