Rubani wa Mulot Aanze na Miguu

Ndege ya kivita ya F-5E Tiger II ina urefu wa mita 14 na ushei, injini mbili za J85, mizinga miwili ya milimita 20 puani na kombora la Sidewinder kwenye kila ncha ya bawa. Jeshi la Wanahewa la Kenya lilianza kuzipokea ndege hizi mwaka 1978, na maskani yake ni kambi ya Laikipia, Nanyuki. Raia wa kawaida huiona kwa nadra, siku ya sherehe za kitaifa, ikipasua anga kwa sekunde chache huku watoto wakiziba masikio. Lakini tangu mwaka 2016 ndege iyo hiyo inapatikana ndani ya DCS World, simuleta ya kivita ya kampuni ya Eagle Dynamics, na yeyote mwenye kompyuta ya nguvu za kutosha anaweza kuirusha akiwa kwake. Hata Mulot.

Mji huu uko kwenye barabara ya Narok kwenda Bomet, ukishapita Ololulung'a. Mto Amala, unaoteremka kwenda kuwa Mara, umeugawa mji: upande mmoja Narok, upande wa pili Bomet. Ukipanda kuelekea Silibwet na Mogogosiek ndiko majani chai yanakoanza kufunika vilima. Mulot yenyewe ni ya mahindi, maziwa na mifugo. Ukilitaja jina lake Nairobi, mtu hushika mfuko wenye simu, kwa ajili ya wachache waliojipatia sifa ya kumaliza akiba za watu kwa maneno matamu. Sifa hiyo imewachosha wenyeji, na haisemi lolote kuhusu kijana aliyejifungia chumbani usiku akihangaika na jambo ambalo halimpunguzii mtu senti: pedali zake za ndege zinakataa kutii.

Watu hudhani ugumu wa simuleta ya kivita ni kupigana. Ugumu uko kwenye ukurasa wa vidhibiti, kabla injini haijawashwa. Ukichomeka joistiki, wenzo wa mafuta na pedali, DCS haikuulizi chochote. Inagawa kazi yenyewe, na kila kifaa inakichukulia kuwa ndicho joistiki. Hapo utakuta ndege inalazwa ubavu na mkono wako, na pia na breki ya mguu wa kushoto. Unakanyaga breki ya kulia, pua inazama. Wengi huishia hapo, wakiapa kwamba wameuziwa kifaa kibovu Luthuli Avenue.

Kifaa ni kizima. Kinachotakiwa ni kufuta kabla ya kupanga. Fungua ukurasa wa mihimili, yaani miendo ya vifaa vyako, wa ndege unayotaka kurusha, futa kila kilichoandikwa kwenye safu ya pedali, futa kila kilichoandikwa kwenye safu ya wenzo wa mafuta, kisha urudishe kazi nne tu: pua kwenda juu na chini, ndege kulala kushoto na kulia, usukani wa mkia, na nguvu za injini. Kila kazi na mwenyewe mmoja. Ukiwa ndani ya ndege, bonyeza Control ya kulia pamoja na Enter. Kitatokea kisanduku chekundu kinachoonyesha joistiki, pedali na mafuta viko wapi saa hiyo. Toa mikono. Toa miguu. Alama ikikaa kando ya katikati au ikitetemeka yenyewe, kuna mhimili mwingine unaofanya kazi hiyo kwa siri, au kifaa chenyewe kimeanza kuchakaa.

Kuchakaa huko kuna sababu yake. Joistiki nyingi za bei nafuu hupima mwendo kwa kipande cha chuma kinachosugua njia ya kaboni, na vumbi la Januari la huku kwetu ni adui wa kila kinachosugua. Zile zinazotumia sumaku, kama T.16000M ya Thrustmaster, hazina msuguano huo na hudumu zaidi. Mwenye aina ya kwanza hujiokoa kwa eneo mfu: sehemu ndogo ya katikati ambamo mtikisiko hauhesabiwi. Iwe ndogo kweli. Ukiipanua kupita kiasi, mkono unasogea na ndege haina habari, na wakati wa kulenga mzinga utamkosa adui kwa sababu ya ukimya huo.

Kisha kuna mkunjo. Joistiki ya ndege halisi imesimama sakafuni kati ya magoti, ni ndefu, na rubani huisogeza mwendo mrefu. Ya mezani ni fupi, kwa hiyo mguso mdogo wa kidole unageuka kuwa amri kubwa. Mkunjo hulegeza katikati ili mkono upate nafasi ya kusahihisha polepole. Mimi huweka kama 15 kwa pua ya ndege, wala sioni haja ya kupita 25. Anayejaza namba kubwa anapata ndege pole sana katikati na kichaa pembeni, kwa kuwa ulichopunguza hapa lazima kilipwe kule.

Hayo yote ni ya mkono, na mkono hujifunza upesi. Mgogoro mkubwa ni wa miguu.

Mwendesha bodaboda mmoja wa steji ya Mulot alijaribu pedali hizi mbele yangu. Alitaka kugeukia kushoto kwenye njia ya kurukia. Akasukuma mguu wa kulia, ndege ikaenda kulia hadi nyasini.

"Mzee, hii kitu iko na kasoro," akasema. "Iko kinyume."

"Haina kasoro, kijana wangu. Ni mguu wako unadhani bado uko barabara ya Sigor."

Alikuwa na hoja, lakini. Kwenye pikipiki inayokwenda polepole, mkono wa kulia ukisukuma usukani mbele, gurudumu linatazama kushoto. Ndege imekataa desturi hiyo tangu siku za mwanzo: mguu wa kushoto ukienda mbele, pua inakwenda kushoto. Mtu aliyeshika usukani wa pikipiki mchana kutwa ana deni la mazoea la kulipa, na ukurasa wa vidhibiti unamjaribu vibaya, kwa sababu kuna kisanduku cha kupindua mhimili. Bofya moja tu na pedali zinafanya kama pikipiki. Nawasihi wasiguse. Siku wakikaa kwenye ndege halisi pale uwanja wa ndege wa Wilson, hata iwe Cessna ya mafunzo, hakutakuwa na kisanduku cha kubofya.

Wapo wanaosema ndege ya jeti haihitaji pedali, kwamba joistiki inayozungushwa kifundo inatosha, kama Extreme 3D Pro ya Logitech yenye vitufe 12. Kwa kuanzia, naam, inatosha, na asiyekuwa na hata hiyo ana herufi Z na X za kibodi kugeuza mkia. Lakini irushe Tiger polepole huku pua imeinuliwa sana, kama inavyotokea vita vikikaribiana, utaona kulaza ndege kwa joistiki peke yake kunaanza kugoma. Hapo mguu ndio unaoizungusha vizuri. Na ukitaka shule kamili ya miguu, iache Tiger kwanza. DCS inatoa bure TF-51D, Mustang ya injini ya rafadha isiyo na silaha. Ongeza mafuta kwa pupa na pua inavutwa kushoto; mguu wa kulia usipokuwa tayari utamaliza safari yako kabla hujapaa. Kijana asiye na pesa za kununua ndege za kulipia hakosi mwalimu. Anachokosa ni mtandao wa kushusha mchezo wenyewe, unaopita gigabaiti 100.

Na pedali? Za dukani ni ghali kwa mtu anayetegemea debe la mahindi na maziwa ya asubuhi. Lakini hiki ndicho kifaa ambacho fundi wa mbao anaweza kukitoa bila kuelewa ndege ni nini. Ubao mmoja, bolti moja katikati, ili upande huu ukienda mbele ule urudi nyuma. Ndege nyingi za Vita vya Kwanza vya Dunia ziliongozwa kwa mti wa aina hiyo. Springi mbili za stendi ya pikipiki huurudisha ubao katikati. Chini ya bolti weka kipimo cha mzunguko kama kile cha kuongezea sauti ya redio, ukiunge na kibao kidogo cha Arduino aina ya Leonardo au Pro Micro, ambacho kompyuta hukitambua kama joistiki. Kibao hicho hugawa mwendo wa mguu katika hatua 1,024, ambazo zinatosha na kubaki. Anayeona aibu ya ubao akumbuke kwamba Edwin Link, Mmarekani aliyejenga simuleta mashuhuri ya mwaka 1929, aliichezesha kwa mifuko ya hewa na pampu za vinanda, kwa vile familia yao ilikuwa na kiwanda cha vinanda huko Binghamton, New York. Maelfu kwa maelfu ya marubani wa Vita vya Pili walifunzwa ndani ya vijisanduku vyake.

Pedali za dukani zina jambo moja ambalo ubao hauna: breki za vidole, mguu huu na yake na mguu ule na yake. Aghalabu kompyuta huzisoma kinyume, yaani mguu ukiwa umetulia, mchezo unaamini umekanyaga hadi mwisho. Ndege inanguruma, mafuta yote yamesukumwa, nayo haitoki mahali. Hapa ndipo kisanduku cha kupindua kinapofaa. Wenye ubao waweke breki kwenye kitufe.

Tukifika kwenye vitufe, nina msimamo ambao wenzangu wengi hawaupendi. Wao huanza kwa kuhesabu: vitufe vingapi, kazi ngapi, na kitufe cha kuunganisha ili kimoja kifanye kazi mbili. Mimi huuliza ni nini utakachokihitaji macho yakiwa nje. Waliobuni F-5 waliuliza hivyo. Kwenye joistiki yake waliweka kifyatulio cha mzinga, kitufe cha kuachia silaha, kile cha kusawazisha ndege isivute mkono, na kitufe unachokishikilia ili pedali ziongoze gurudumu la mbele ardhini. Kwenye wenzo wa mafuta kuna breki ya hewa, flapu na redio. Wenzo wa magurudumu haupo mikononi, uko kwenye dashibodi, kwa sababu hakuna anayeteremsha magurudumu huku akimfukuza adui. Basi herufi G ya kibodi iachiwe kazi hiyo, na kuwasha injini kufanywe kwa mausi, taratibu. Kile kitufe cha gurudumu la mbele usikisahau: asiyekipanga husukuma pedali hadi mguu uume, na Tiger inakwenda moja kwa moja kama gari la moshi.

Kuna kisa cha Nanyuki kinachoeleza thamani ya mazoea ya mkono na mguu vizuri kuliko maelezo yangu. Tarehe 1 Agosti 1982, wanahewa walipojaribu kuipindua serikali ya Rais Moi, marubani wa kambi hiyo walilazimishwa kwa mtutu wa bunduki kurusha ndege za kivita zikalipue mabomu Nairobi, Ikulu ikiwa mojawapo ya shabaha. Kopro mmoja wa waasi alipanda kiti cha nyuma cha F-5 kuhakikisha amri inatimizwa. Marubani walizipindua na kuzivuta ndege kwa namna ambayo mwili usiozoea hauwezi kuistahimili, mabomu yakaishia kwenye msitu wa Mlima Kenya, nao wakarudi kambini. Tiger ya viti viwili ina joistiki nyuma pia. Bunduki ilikuwa kwa mmoja, mazoea ya mkono na mguu yalikuwa kwa mwingine.

Mezani hakuna uzito unaokandamiza kifua, kwa hiyo mazoea ndiyo yote uliyo nayo, na yanapotea kwa urahisi wa kuudhi. Stima ikikatika Mulot, kama inavyokatika mvua ikinyesha, halafu ukachomoa vifaa na kuvirudisha kwenye tundu jingine la USB, kompyuta inaweza kuamini ni vifaa vipya na kurasa zote zikawa tupu au, vibaya zaidi, zikajaa tena ule mgao wa hovyo wa mwanzo. Mipangilio yako imehifadhiwa kwenye folda inayoitwa Input, ndani ya Config, chini ya Saved Games. Inakili kwenye flashi, uandike kwa kalamu kila kifaa kimechomekwa wapi.

Na kila ndege ina ukurasa wake. Uliyoyapanga kwa Tiger hayahamii kwenye Mustang, wala kwenye Huey, helikopta ya UH-1H ambayo ndugu zake Kenya inawatumia pia. Huko pedali zinabadili nguvu za rafadha ya mkia, na mguu hukaa popote ulipouacha badala ya kurudi katikati. Kwa hiyo wanaohamia helikopta hupiga magoti chini ya meza na koleo, wakazitoa zile springi za pikipiki, na kukaza bolti kidogo ili ubao uwe mzito.