Vibanda vya sandwichi Daraja Mbili: Hesabu iko kwenye mkate uliobaki

MFANYABIASHARA anayeshuka Daraja Mbili, jijini Arusha, saa mbili asubuhi akitafuta kitu cha kula, hukuta vibanda vinavyouza bidhaa ile ile: vipande viwili vya mkate vyenye yai, nyama au mboga katikati, au chapati iliyokunjiwa mayai. Bei zinakaribiana na vibao vinafanana. Mlaji hujiuliza kipi ni kizuri. Mwekezaji mdogo, ambaye ameletewa habari kwamba kibanda fulani kinaachwa na anadaiwa kilemba pamoja na kodi ya miezi sita mbele, hujiuliza kipi kinalipa.

Maswali hayo mawili yana jibu moja. Kibanda kizuri, kwa mlaji na kwa mwenye mtaji, ni kile ambacho mkate wake haubaki.

Robo tatu si kitu kimoja na yote

Mfano ufuatao ni wa hesabu tu, si bei rasmi ya soko. Mkate wa slesi wa Sh 2,000 ukitoa vipande 16, hutengeneza sandwichi nane, yaani Sh 250 za mkate kwa kila moja. Yai ni Sh 400, nyanya, kitunguu na mafuta Sh 150, karatasi Sh 50 na moto Sh 50. Jumla ni Sh 900. Ikiuzwa kwa Sh 1,500, faida ghafi ni Sh 600.

Mwenye kibanda akitengeneza sandwichi 40 na zote zikaisha, anapata faida ghafi ya Sh 24,000. Zikibaki 10 na kutupwa, mauzo yanakuwa Sh 45,000 wakati gharama imebaki pale pale Sh 36,000. Faida imeshuka hadi Sh 9,000. Kwa maneno mengine, robo ya bidhaa kubaki imekula zaidi ya nusu ya faida. Toa humo ujira wa msaidizi na kodi ya pango, na kibanda kilichoonekana kina wateja wengi kinafanya kazi kwa hasara.

Hapo ndipo mlaji naye anapoingia hatarini. Mwenye kibanda ambaye hawezi kubeba hasara ya sandwichi 10 ana kishawishi cha kuzirudisha sokoni kesho yake asubuhi. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili. Yai au nyama iliyolala ndani ya mkate imepita muda huo mara nyingi.

Siri ya chapati mayai

Ndiyo maana chapati mayai ina nguvu sokoni. Nchini Uganda, ambako inaitwa rolex, jina lililotokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya mayai yaliyoviringishwa, ilikuzwa na wauzaji wa kando ya barabara na wanafunzi wenye fedha kidogo. Nguvu yake kibiashara ni kwamba yai huvunjwa mteja akiwa amesimama hapo. Mteja asipokuja, kinachobaki ni yai zima kwenye trei na kabichi ambayo haijakatwa. Mtaji haujalala ndani ya chakula kilichokwisha kuungwa.

Muuzaji wa mkate anaweza kufanya vivyo hivyo kwa kukaanga yai au kuchoma nyama kwa oda. Mteja atasubiri dakika chache, lakini pande zote mbili zinanufaika.

Ngano na unene wa kipande

Si mbali na Daraja Mbili ipo Unga Limited, eneo lililopata jina kutokana na kiwanda cha kusaga unga. Hata hivyo, sehemu kubwa ya ngano inayoliwa Tanzania huagizwa kutoka nje. Vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza Februari 2022, bei ya ngano duniani ilipaa, na waokaji mikate katika nchi zinazoagiza wakabanwa.

Muuzaji wa kibanda hawezi kupandisha sandwichi kwa Sh 30, kwa kuwa mteja analipa kwa sarafu za Sh 200 na 500. Anachoweza kufanya ni kupunguza unene. Kwa hiyo mlaji apime mkononi, na mwekezaji aulize unga na mkate vinanunuliwa kwa nani na kwa masharti gani.

Boksi la watalii

Arusha ina soko la pili la sandwichi: maboksi ya chakula cha mchana ambayo magari ya watalii hubeba kwenda Tarangire, Ngorongoro na Serengeti. Oda hizo ni tamu kwa sababu idadi inajulikana usiku wa kuamkia safari, na hakuna kinachobaki. Lakini msimu mkubwa ni Juni hadi Oktoba, na wakati wa masika biashara hupoa. Mwaka 2020 watalii waliofika nchini walishuka hadi 620,867 kutoka 1,527,230 mwaka 2019. Aliyetegemea maboksi peke yake hakuwa na pa kukimbilia. Fundi gereji na mbeba mizigo wa soko la Kilombero hula kila siku, masika na kiangazi.

Mambo ya kuangalia

Mlaji aangalie wanaorudi: madereva wa bodaboda na mafundi wenye fedha ndogo hawarudi mahali walipoumwa tumbo. Aangalie mafuta, yakiwa meusi, yenye povu na moshi, yametumika mno. Aangalie kama mkono unaopokea fedha ndio unaoshika mkate, na kama kachumbari imefunikwa.

Mwekezaji, kabla ya kutoa kilemba, akae ng'ambo ya barabara kwa siku tatu: Jumatatu, Jumamosi, na siku moja ya katikati ya mwezi, mishahara ikiwa imekwisha. Ahesabu mikate inayoshushwa asubuhi na ile inayobaki jioni. Daftari la mauzo analoonyeshwa na mwenye kibanda linaweza kuandikwa usiku mmoja. Mkate uliobaki kwenye rafu saa kumi na mbili jioni hauwezi kufichwa, na huo ndio unaosema kama kilemba kinachodaiwa ni halali yake.