Ripoti ya CAG tunaijua. Ya mtaa wetu je?

Kila Aprili nchi hii hupata wakaguzi wa hesabu wengi kuliko vyuo vyake vinavyoweza kuwafundisha. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), inayokabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi, hutua bungeni, na kwa wiki mbili tatu hakuna kijiwe cha kahawa, daladala wala saluni isiyo na mchambuzi wake. Wapo wanaokumbuka mpaka leo ile "trilioni 1.5" ya mwaka 2018, fedha ambazo mbunge Zitto Kabwe alihoji zilikokwenda baada ya kuipekua ripoti ya mwaka wa fedha 2016/17. Tarakimu zimewakaa kichwani kama jina la mtoto.

Sasa muulize mchambuzi huyohuyo: matundu ya choo ya shule ya msingi ya mtaani kwako yalijengwa kwa shilingi ngapi? Nani alisoma hesabu zake, lini, mbele ya nani? Hapo utasikia mada ikihamia Simba na Yanga.

Hoja yangu haina nia ya kuwacheka wapenzi wa ripoti ya CAG. Ripoti ile ni muhimu, na Bunge lina kazi ya kuifanyia. Lakini mwananchi wa kawaida akishaisoma, hana kiti mahali inapojadiliwa. Fedha zimeshatumika, waliohusika wako mbali, na kilichobaki mikononi mwake ni hasira. Kipo kikao kimoja tu nchini ambacho sheria inamtaka aingie mwenyewe, ahoji mwenyewe na aamue mwenyewe, bila mbunge wala diwani wa kumsemea. Kikao hicho ndicho tunachokikimbia.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 imeuweka Mkutano Mkuu wa Kijiji juu ya kila chombo kingine kijijini. Wajumbe wake hawateuliwi na yeyote: kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe. Mkutano huo ndio unaoichagua Halmashauri ya Kijiji, yenye watu 15 hadi 25, na ndio wenye uwezo wa kuiondoa. Unatakiwa kukaa angalau mara moja kila miezi mitatu, na hapo ndipo taarifa ya mapato na matumizi inapopaswa kusomwa. Mijini msingi ni mwembamba zaidi. Mtaa hauna hadhi ya kisheria waliyonayo ndugu zetu wa vijijini, ya kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa, au kutunga sheria ndogo. Hata hivyo nao una mkutano wa wakazi, na mwenyekiti wake hupigiwa kura na wakazi haohao.

Tanzania Bara ina vijiji zaidi ya 12,000 na mitaa zaidi ya 4,000. Piga hesabu ya mikutano minne kwa mwaka. Ni zaidi ya mikutano 64,000 ambayo raia anaingia bila kadi wala mwaliko. Hakuna bunge duniani lenye vikao vingi hivyo, kama kweli vingefanyika.

Serikali za mitaa zimewahi kufutwa, na tuliona kilichofuata. Mwaka 1972, chini ya mpango uliopewa jina la Madaraka Mikoani, ulioandaliwa kwa ushauri wa kampuni ya Marekani ya McKinsey, halmashauri za wilaya zilivunjwa na kazi zake zikakabidhiwa kwa watumishi wa serikali kuu waliopelekwa mikoani na wilayani. Madaraka yalifika mikoani kweli. Yakaishia hapohapo, kwa maofisa. Halmashauri za miji nazo zilifuata njia hiyo. Huduma za miji zikazorota, taka zikarundikana, kipindupindu kikaingia, na mwaka 1978 serikali ikalazimika kuzirudisha zile za miji. Za wilaya zilirudi kwa sheria za 1982 na kuanza kazi 1984. Mwalimu Nyerere mwenyewe alisema mwaka huohuo wa 1984 kwamba kama angeanza upya, kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika ni mambo ambayo asingeyafanya. Leo ibara ya 146 ya Katiba inataja wazi kuwa lengo la kuwapo kwa serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi.

Anayedhani mkutano wa kijiji ni wa kujadili mbuzi waliokula mahindi aende kwenye ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaizuia Halmashauri ya Kijiji kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu. Kwenye mpango wa kuhamisha ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla, eneo lisilozidi hekta 250 linaamuliwa na mkutano wenyewe. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri, ila baada ya kuzingatia mapendekezo ya mkutano.

Kisarawe, mkoani Pwani, walijifunza sheria hiyo kwa gharama. Katika miaka ya 2000, dunia ilipokimbilia mimea ya kutengeneza mafuta ya magari, kampuni ya Uingereza iliyoitwa Sun Biofuels ilipata zaidi ya hekta 8,000 kutoka vijiji kadhaa vya wilaya hiyo ili kulima mbono. Kulikuwa na ahadi za huduma za jamii, nyingi zikiwa za mdomo. Mwaka 2011 kampuni ikaanguka. Vibarua walirudi nyumbani, lakini ardhi haikurudi nao, kwa sababu kabla ya kufika kwa mwekezaji ilikuwa imeshatolewa kwenye himaya ya kijiji na kuwekwa kwenye ardhi ya jumla, chini ya Kamishna wa Ardhi. Ahadi ya mdomo haina ukurasa wa kufungua. Muhtasari wa kikao unao, na ndiyo maana muhtasari ni karatasi inayogombewa kuliko zote kijijini. Katika migogoro ya ardhi nchini, lalamiko moja hujirudia: watu walisaini mahudhurio ya kikao cha jambo moja, majina yaleyale yakaja kuonekana nyuma ya muhtasari wa jambo jingine.

Kwa nini basi watu hawaendi? Jibu la haraka, kwamba Watanzania ni wavivu wa kufuatilia mambo yao, ni la uongo. Watu haohao hukaa msibani siku tatu, huchanga harusi kwa kamati yenye mwenyekiti, mhazini na mlezi, na mhazini akishindwa kueleza salio siku ya kuvunja kamati, patachimbika. Uwezo wa kukagua tunao, na hata hamu tunayo. Kinachotuondoa kwenye mkutano wa mtaa ni mambo mengine.

La kwanza ni jinsi mkutano unavyoendeshwa. Unatangazwa jana yake, unaitishwa Jumatano saa nne asubuhi, wakati mama lishe yuko jikoni na dereva wa bodaboda yuko barabarani. Mgeni rasmi anachelewa. Akifika, kunafuata utambulisho wa viongozi mpaka wa meza ya nyuma, kisha maelekezo kutoka juu: usafi, chanjo, michango, ulinzi shirikishi. Mapato na matumizi yanasomwa jua likiwa utosini, kwa kasi ya mtangazaji wa mpira, na swali la mwananchi linaelekezwa kwenye "mengineyo". Mengineyo yakifika, mwenyekiti anaomba kikao kifungwe kwa sala.

La pili ni mapato yenyewe. Kodi ya maendeleo, ile wazee waliyoiita kodi ya kichwa, ilifutwa 2003, na hakuna aliyeililia, maana ukusanyaji wake ulikuwa wa kukimbizana na mgambo. Kodi ya majengo, chanzo kikubwa cha miji, ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, na tangu 2021 hukatwa tunaponunua umeme wa LUKU. Mkazi anakatwa, ujumbe unaingia kwenye simu, basi. Hakuna mtu wa mtaani kwake aliyepokea fedha hizo ambaye angeweza kumuuliza zimefanya nini. Ofisi ya mtaa inabaki haina bajeti ya maana, na mahali pasipo na bajeti huota ada zisizo na jina: ya barua ya utambulisho, ya kugonga muhuri, na ile asilimia 10 inayodaiwa kwenye mauziano ya kiwanja, ambayo anayedaiwa haonyeshwi kifungu chake.

La tatu ni siasa. Mwaka 2014, uchaguzi wa serikali za mitaa uliwapa wapinzani, waliokuwa wameungana kwa jina la Ukawa, sehemu ya kuonekana, hasa mitaa ya mijini. Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwenye hatua ya fomu, vyama vyao vikajitoa, na CCM ikazoa zaidi ya asilimia 99 ya viti. Uchaguzi wa 27 Novemba 2024 nao ulikwisha kwa CCM kuchukua karibu asilimia 99. Unaweza kuwa shabiki wa chama chochote na bado ukaona tatizo: mwenyekiti aliyepita bila kupingwa hana anayemdai ahadi. Hapo uongeze na mkanganyiko wa zamani. Mjumbe wa nyumba kumi ni kiongozi wa shina la chama, na tangu vyama vingi virudi mwaka 1992 ofisi yake si ya serikali. Lakini hadi leo wapo wanaopita kwake kwanza kabla ya kufika kwa mtendaji.

Sababu hizo zina uzito, na bado hazifungi mjadala. Maji ya bomba yakikatika hayachagui kadi ya chama. Mwanachama wa CCM ana mtoto kwenye darasa lilelile lenye nyufa, na akiuliza bei ya saruji hajasaliti mtu.

Tena tumeshaona kinachotokea mwananchi anapopewa tarakimu anayoweza kuishika. Mwaka 2021 serikali ilipata mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa takriban Sh1.3 trilioni kukabiliana na athari za Uviko-19, na sehemu yake ikajenga madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi vya shule za msingi. Wengi wetu tumesahau trilioni hizo. Tunachokumbuka ni kwamba darasa moja la sekondari lilitengewa Sh20 milioni. Bei hiyo ilijulikana mpaka kwa fundi wa kupiga lipu. Mtu aliweza kusimama mbele ya darasa la kata yake, akalitazama, akavuka kwenda kata ya jirani akalitazama la huko, akajua wapi nondo imepungua na wapi fundi amelipwa nusu. Hakuhitaji shahada. Alihitaji bei moja, jengo moja na la jirani la kulinganisha nalo.

Mfano mwingine ni mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alisimamisha utaratibu huo baada ya ukaguzi kuonyesha fedha nyingi hazirejeshwi na vikundi vingine havipo, kisha ukarejeshwa 2024 kwa masharti mapya. Mkaguzi anayetoka Dodoma anahitaji siku kadhaa kugundua kikundi hewa. Majirani wanahitaji dakika moja: soma jina la kikundi na majina ya wanachama kwenye mkutano, halafu uliza nani anawafahamu. Kikundi cha ushonaji ambacho hakuna aliyewahi kusikia cherehani yake kingeishia hapohapo, kabla hundi haijaandikwa.

Kwa hiyo kinachohitajika kina gharama ndogo kuliko semina moja ya kujenga uwezo. Taarifa ya mapato na matumizi ibandikwe kwenye ubao wa ofisi wiki moja kabla ya mkutano, kwa bei za vitu na siyo mafungu ya jumla: mifuko mingapi, kwa bei gani, kutoka duka gani. Mkutano uitishwe siku na saa ambayo wachuuzi, wafanyakazi na wapangaji wanaweza kufika. Mpangaji naye ni mkazi. Fedha ziwe ajenda ya kwanza baada ya kusoma muhtasari uliopita na yatokanayo, kabla mgeni rasmi hajashika kipaza sauti. Mahudhurio yaandikwe yakiwa na kichwa cha ajenda juu ya kila ukurasa, ili sahihi ya kikao cha maji isije kugeuka idhini ya kuuza msitu. Redio za jamii, ambazo wilaya nyingi sasa zinazo, zisome taarifa hizo hewani kama zinavyosoma matangazo ya vifo.

Anayesubiri uchaguzi ujao ndipo aulize ana subira ya ajabu. Viongozi waliochaguliwa Novemba 2024 wana muhula wa miaka mitano, yaani mikutano 20 ya robo mwaka, na katika kila mmoja sheria inamtambua mkazi kuwa mjumbe kamili, awe alimpigia kura mwenyekiti, alimkataa, au hakupewa mtu mwingine wa kumchagua. Kupita bila kupingwa ni mambo ya siku ya uchaguzi. Hakuna kifungu kinachompa kiongozi haki ya kukaa miaka mitano bila kuulizwa.