Ukoo wa Mpakani na Daftari la Mwingereza

Mtoto aliyezaliwa Nambale mwaka 1900 alizaliwa Uganda. Tarehe 1 Aprili 1902 Waingereza waliutoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda, uliofika hadi karibu na Naivasha, wakautia chini ya utawala wa nchi ambayo mwaka 1920 ikaja kuitwa Kenya. Mpaka ukasogezwa magharibi hadi kwenye mito kama Sio na Malaba. Mama wa mtoto huyo hakufunga mzigo wala hakuvuka mto, na hakuna aliyemuuliza. Lakini anayetafuta leo karatasi za kwao itabidi za kabla ya siku ile aziulizie Uganda, na za baadaye aziulizie Nairobi.

Wilaya nazo zilibadilishwa majina. Upande wa Kenya eneo hili liliitwa Kavirondo Kaskazini, halafu Nyanza Kaskazini, na Busia ikawa wilaya yenyewe mwaka 1963. Upande wa Uganda lilikuwa ndani ya Bukedi, wilaya iliyotawaliwa kutoka Mbale kabla makao hayajahamia Tororo. Busia ya Uganda ilimegwa kutoka Tororo mwaka 1997. Msamia wa Lumino na Msamia wa Funyula huenda wana babu mmoja, ila babu huyo na ndugu zake wameandikwa katika mafaili ya serikali mbili, chini ya wilaya ambazo hazimo tena kwenye ramani. Wateso wa Amukura na wenzao wa Tororo yamewakuta hayohayo.

Vijana wengi wanaoanza kazi ya kutafuta ukoo wao huenda na jina la babu na jina la kijiji, ndiyo sababu wengi hukata tamaa mapema. Majina ya hapa hayapiti kutoka kwa baba hadi kwa mwana kama karani wa Kiingereza alivyotarajia: mtoto hupewa jina la marehemu wa ukoo, la msimu aliozaliwa, au la kuonyesha kwamba alizaliwa baada ya mapacha. Wakina Wandera na wakina Ouma ni wengi mno kwa mtu kuwatafuta kwa jina peke yake. Kwa familia za wafanyakazi wa mpaka huu, nashikilia kwamba kitu cha kufuata ni kazi. Uliza kwanza mzee alifanya kazi gani, alimfanyia nani, alianza lini. Karatasi ziko pale alipokuwa mwajiri wake.

Sababu yake si ngumu. Serikali ya kikoloni iliandika mambo iliyoyahitaji: kodi, vibarua na makosa. Kodi ya nyumba ilihesabu vibanda, na kwa mwenye wake watatu ilihesabu vibanda vitatu. Kwa hiyo bibi zetu wengi waliingia katika hesabu za wilaya wakiwa nyumba, bila majina. Ili kuipata fedha ya kodi, mwanamume alilazimika kwenda kuitafuta, na hapo ndipo jina lake lilipoanza kuandikwa.

Upande wa Kenya karatasi kuu ni kipande. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kuwa nacho, akikivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Kiliandikwa jina, wilaya, kabila, alama za vidole, kisha mwajiri mmoja baada ya mwingine, mshahara, siku ya kuajiriwa na siku ya kuachishwa. Kilikuwa chombo cha kumfunga mtu kwa tajiri wake, maana aliyeondoka bila kuandikiwa ruhusa alitafutwa kama mhalifu. Watu wetu walikichukia, na walikuwa na haki. Hata hivyo, kwa mjukuu anayetafuta, mstari mmoja wa kipande unaweza kutoa kile ambacho simulizi imekipoteza: kwamba mzee alikuwa Kakamega kwenye dhahabu katika miaka ya 1930, au jikoni kwa mzungu huko Nairobi. Uganda haikuwa na kipande cha namna hiyo, kwa hiyo ndugu wawili waliozaliwa nyumba moja, mmoja akaajiriwa ng'ambo ya mto na mwingine akabaki, hawakuacha alama zinazolingana.

Mfano unaojulikana duniani kote umetoka Siaya, si mbali na Busia. Barack Obama, katika kitabu chake cha mwaka 1995 kuhusu baba yake, anaeleza jinsi huko Alego alivyoonyeshwa kijitabu cha babu yake, Hussein Onyango, aliyekuwa mtumishi wa nyumbani kwa Wazungu. Sheria iliwataka watumishi hao wawe na kijitabu ambamo waajiri waliandika maoni yao. Onyango alikuwa mtu mzima, mkali, aliyeheshimiwa kwao, lakini humo tabia yake imepimwa na waajiri wake. Ni mfano unaotufaa kwa jambo moja la msingi: karatasi ile haikutoka kwenye jumba la nyaraka. Ilitunzwa nyumbani, katika mikono ya mama mzee. Kabla ya kupanda basi kwenda kwenye hifadhi yoyote ya nyaraka, ni vema sanduku la bati la chumbani lifunguliwe.

Kuna waliopotea kabisa. Katika Vita vya Kwanza vijana wa Nyanza na wa Mashariki ya Uganda walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi dhidi ya Wajerumani wa Tanganyika, na maelfu kwa maelfu walikufa kwa kuhara, malaria na njaa. Mwaka 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilikubali kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina kwenye kumbukumbu zake au hawakukumbukwa kabisa. Familia ya Samia inayosimulia juu ya babu aliyekwenda Kariakoo, kama jeshi hilo la wapagazi lilivyoitwa, asirudi haina sababu ya kujidharau kwa kukosa karatasi. Ushahidi wake ni simulizi hiyo, na karatasi iliyokosekana ni deni la wale waliomchukua.

Pale karatasi zinapokuwa nyingi ni kwenye reli. Njia kutoka Nakuru ilipita Eldoret, ikavuka Malaba na kuingia Tororo. Kutoka hapo tawi moja likaenda Mbale na kufika Soroti mwaka 1929, jingine likaelekea Jinja na kuingia Kampala mwaka 1931. Tororo ikawa mji wa njia panda, wenye kota za reli, makarani, wachochea moto, wapishi, vibarua wa kubeba mataruma na manyapara wa kuwasimamia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kiwanda cha saruji kilipojengwa chini ya Jabali la Tororo, mji ulipata tajiri wa pili mkubwa, na vijana wa Kenya wakavuka kutafuta kazi huko kama wa Uganda walivyovuka kwenda Kisumu na Nairobi.

Reli ilikuwa mwajiri mmoja kwa nchi mbili, na kuanzia mwaka 1948 kwa nchi tatu, chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Makao yake makuu yalikuwa Nairobi. Kwa hiyo mtu wa Masafu upande wa Uganda aliyefanya kazi Tororo, Voi na Tabora alikuwa mtumishi wa shirika moja muda wote, na mpaka haukumkata vipande. Familia ya Uganda inayomtafuta mtu wa reli haina budi kuuliza Nairobi pia, katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka na kwenye Jumba la Makumbusho ya Reli lililofunguliwa mwaka 1971 karibu na stesheni. Mtafiti Ralph Grillo alipochunguza wafanyakazi wa reli wa Nsambya, Kampala, katika miaka ya 1960, aliwakuta Wajaluo na Waluhya wa Kenya wakiishi na kufanya kazi huko kwa wingi. Kitabu chake cha mwaka 1973 hakiwataji babu zetu kwa majina, lakini kinaonyesha walivyopata kazi kupitia jamaa, walivyogombea uongozi wa vyama na walivyotuma fedha nyumbani. Anayejua tu kwamba mzee alikuwa Nsambya atajifunza mengi humo kuhusu nyumba aliyoishi.

Magazeti yanahitaji uvumilivu wa namna nyingine. The African Standard lilianzishwa Mombasa mwaka 1902 na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee, likauzwa na kuwa The East African Standard. Kampala lilikuwapo Uganda Herald kuanzia 1912, na Uganda Argus kuanzia 1955. Kwa miaka mingi magazeti hayo yalimtaja Mzungu alipokwenda likizo, Mhindi alipotangaza duka, na Mwafrika aliposhtakiwa au alipogongwa na treni. Msomaji asidhani kwamba wazee wetu walikuwa watu wa mahakamani. Waandishi hawakwenda kwingine kuwatafuta. Tafuta zaidi katika Baraza, gazeti la Kiswahili la mwaka 1939 hadi 1979, na hasa kwenye barua za wasomaji. Hapo karani wa stesheni au mwalimu wa kijijini anazungumza mwenyewe kuhusu mishahara, mahari na tabia za vijana, na jina lake liko chini ya barua.

Gazeti la Serikali la Kenya ndilo rahisi kulipata, kwani matoleo ya tangu mwaka 1899 yanasomeka bure kwenye intaneti. Matangazo yake ya mirathi hutaja marehemu, mahali alipoishi na tarehe ya kufa.

Wanawake tuwatafute kanisani na barazani. Wamisionari wa Mill Hill walihudumu pande zote mbili za mpaka, na daftari la ubatizo la Kikatoliki huandika wazazi wote wawili na msimamizi. Sheria ya kanisa hutaka ndoa ya mtu iandikwe pembeni mwa jina lake katika daftari la parokia alikobatizwa. Kwa hiyo msichana aliyebatizwa upande mmoja na kuolewa upande wa pili anaweza kuwa na habari za safari yake yote katika mstari mmoja. Mabaraza ya kienyeji nayo yalisikiliza kesi nyingi za mahari, na humo wanawake hutajwa kwa majina, pamoja na ng'ombe waliotolewa.

Wengi hudhani kwamba tukirudi nyuma zaidi ndipo giza linazidi. Mpakani hapa giza nene zaidi liko karibu nasi. Mwaka 1970 serikali ya Obote iliwafukuza maelfu ya wafanyakazi Wakenya. Amin alifuata, magazeti yakawa ya serikali, na watu wa Busia wakaishi kwa magendo na kwa kubeba abiria kwa baiskeli kati ya vituo viwili vya forodha. Kazi hizo hazikuwa na daftari, na aliyezifanya alikuwa na kila sababu ya kuficha jina lake. Waliozifanya sasa ni wazee wa miaka sabini na themanini. Hao ndio wa kuhojiwa mwaka huu, kwa sababu mafaili ya mwaka 1905 yanangoja Kew, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Uingereza, lakini ya 1975 hayajaandikwa popote isipokuwa katika kumbukumbu zao.

Na hata ya Uingereza hayakukamilika. Mwaka 1961 London iliagiza kwamba karatasi ambazo zingeiaibisha serikali yake zisikabidhiwe kwa nchi zinazopata uhuru. Nyingine zilichomwa, nyingine zikafichwa Hanslope Park, huko Uingereza, hadi kesi ya wazee wa Mau Mau dhidi ya serikali ya Uingereza ilipozifichua mwaka 2011.

Kwa familia za reli, kukosa karatasi kuligusa mfuko. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, watumishi wake waligawanywa, na mkataba wa kugawana mali wa mwaka 1984 uliiachia kila nchi jukumu la kuwalipa pensheni raia wake. Mtu wa Samia aliyekuwa na shamba ng'ambo hii, mke wa kwanza ng'ambo ile na utumishi wa miaka thelathini Nairobi aliulizwa jambo ambalo reli haikuwahi kumuuliza: yeye ni raia wa wapi? Wajane na watoto waliofuatilia haki hiyo walihitaji barua ya kuajiriwa, hati ya mshahara, au angalau namba ya utumishi. Ikiwa ukoo wako una mtu wa reli na bado yupo anayeikumbuka namba hiyo, iandike leo, pamoja na stesheni zote alizopangiwa.