Muziki Uliokosa Mabango

Huko Soni, kwenye barabara inayopanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, Walutheri walikuwa na kiwanda cha uchapaji, Vuga Press, kilichotoa vitabu vya dini kwa miongo mingi. Chini ya milima hiyo ya Usambara, Tanga ya miaka ya 1960 na 1970 ilikuwa na muziki wa kutosha kushindana na mji wowote wa Tanzania: Jamhuri Jazz na Atomic Jazz upande wa dansi, Black Star na Lucky Star upande wa taarabu. Basi mtambo wa chapa ulikuwapo, magitaa ya umeme yalikuwapo, na vijana wa kujaza kumbi walikuwapo. Lakini ukitafuta leo bango lililotangaza dansi ya Tanga au Korogwe mwaka 1968, ni shida kuonyeshwa hata moja. Miaka hiyohiyo mabango ya dansi ya San Francisco, Marekani, yalikwisha kuwa sanaa yenye jina lake, saikedeliki. Kwa nini wao walipata mabango na sisi hatukupata? Majibu yaliyozoeleka hayaniridhishi.

Tuanze na ya San Francisco. Mwaka 1966 Bill Graham aliendesha dansi katika ukumbi wa Fillmore, na Chet Helms katika ukumbi wa Avalon. Mchoraji Wes Wilson alizivuta na kuzipinda herufi mpaka zikafanana na ndimi za moto, akimfuata Alfred Roller wa Vienna aliyechora herufi za namna hiyo zaidi ya miaka sitini kabla yake. Victor Moscoso aliweka kando kwa kando rangi zinazopingana, nyekundu na kijani kwa mfano, zenye ukali uleule, hata jicho likashindwa kutulia na picha ikaonekana kutikisika. Aliyetaka kujua nani anapiga na lini alilazimika kusimama na kulisoma bango polepole. Wengi husema sanaa hii ilizaliwa na dawa ya kulevya ya LSD. Dawa hiyo kweli ilitumika katika kumbi zile, lakini haimfundishi mtu kuchora. Moscoso alijifunza tabia za rangi darasani, Chuo Kikuu cha Yale, kwa mwalimu Josef Albers. Wilson alikuwa mfanyakazi wa kiwanda kidogo cha uchapaji. Na Graham alikuwa mfanyabiashara. Wiki hadi wiki alileta bendi tofauti, nyingine hazijulikani bado, na kila mara ilibidi ajaze ukumbi kwa watu asiowajua. London mambo yalikwenda vivyo hivyo: klabu ya UFO, iliyofunguliwa Desemba 1966 katika chumba cha chini ya ardhi, mtaa wa Tottenham Court Road, ilichorewa mabango na Michael English na Nigel Waymouth. Bango la namna hii huzaliwa pale ambapo ratiba inabadilika na wateja ni wageni.

Tanga haikuwa hivyo. Vikundi vya muziki vya pwani, tangu enzi za ngoma za beni, vilijengwa kama vyama: vina wanachama, viongozi na michango. Mtu alikwenda kusikiliza bendi yake, na ratiba ya wiki aliijua tayari kwa kuwa bendi ilikuwa na makao yake. Kilichobadilika ni wimbo, na wimbo mpya ulitangazwa zaidi na Redio Tanzania kuliko karatasi yoyote. Zaidi ya hapo kila bendi ilikuwa na jina la mtindo wake: Atomic walikuwa na Kiweka, Western Jazz wa Dar es Salaam walikuwa na Saboso. Jina hilo lilibeba mdundo, uchezaji na ushabiki kwa pamoja, nalo lilifanya kwa sauti kazi ileile ambayo Wilson aliifanya kwa herufi: kumwambia mtu kama hapa ni kwao au si kwao. Na huko Usambara, ambako vijiji vimetawanyika juu ya matuta na watu wa pande mbalimbali hukutana gulioni, habari ya mdomo inafika mbali kuliko karatasi iliyobandikwa nguzoni, tena mvua ya milimani haina huruma na karatasi.

Wapo watakaosema sababu ni umaskini tu. Hoja hiyo inaangushwa na Edward Saidi Tingatinga, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kuuza jijini Dar es Salaam picha alizochora juu ya vipande vya hadibodi kwa rangi ya kupakia baiskeli. Inaangushwa pia na kanga, yenye pindo, mji na jina lake, iliyokuwa ikiunganisha maneno na michoro mikali nusu karne na zaidi kabla ya Fillmore. Macho ya kupenda rangi tulikuwa nayo, na fedha kidogo ilitosha. Nzito zaidi ni hoja ya siasa. Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, uliendesha Operesheni Vijana kuanzia Januari 1969 dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, na mwishoni mwa mwaka huo muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Bila shaka hali hiyo iliwatia hofu vijana waliotaka kuiga San Francisco. Hata hivyo, bendi za dansi hazikunyamazishwa. Nyingine zilikuwa mali ya taasisi za umma, kama NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, iliyoundwa mwaka 1964 na kuwalipa wanamuziki wake mshahara. Zingeweza kuchapisha mabango ya kizalendo zikitaka. Hazikuyahitaji, na kwangu hilo ndilo jibu.

Sioni aibu, basi, kwamba hatuna mabango ya aina ile. Utaratibu wetu ulijaza kumbi bila hayo. Ninachosikitikia ni kumbukumbu. Bango la Fillmore lina tarehe, ukumbi na majina ya bendi, na kwa kuwa lilipendeza, watu walilibandua nguzoni wakalipeleka nyumbani. Leo kazi za Wilson na Moscoso zimo katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa, New York. Sisi tumebaki na kanda za redio na santuri zilizotengenezwa Nairobi, nyingi zikiwa ndani ya mifuko ya karatasi yenye nembo ya kampuni tu. Sauti ipo, lakini nani alipiga wapi, usiku gani, mbele ya nani, hayo yamo vichwani mwa wazee, na wazee wanaondoka. Mabango ya siku hizi, yanayotumwa kwa simu na kufutwa kesho yake, yatatuachia pengo lilelile. Kama nyumbani kwenu Lushoto, Korogwe au Tanga kuna tikiti ya dansi, kadi ya uanachama, picha ya bendi au kibao cha ukumbi kilichopakwa rangi, msikitupe. Mwulizeni mzee aliyekuwapo, andikeni nyuma ya kitu hicho kwa penseli jina la ukumbi, bendi na mwaka, kisha mkihifadhi mahali pakavu.